Mkazo wa Mishipa ya Moyo na Maumivu ya Kifua ya Alfajiri: Hoja Kutoka Tunduma

Mkazo wa ateri ya koronari ni kujibana kwa ghafla kwa misuli iliyomo kwenye ukuta wa mshipa unaolisha moyo. Njia ya damu husinyaa au huziba kabisa, hata pasipo donge la damu. Mkazo ukiachia baada ya dakika chache, mgonjwa hurudia hali yake. Ukidumu, sehemu ya msuli wa moyo hufa, au mapigo huvurugika na mtu akafariki ghafla.

Mwaka 1959, Myron Prinzmetal na wenzake huko Marekani walieleza maumivu ya kifua yanayomjia mtu akiwa amepumzika, tofauti na yale yanayoletwa na kazi nzito. Katika miaka ya 1970 Attilio Maseri, Italia, alionyesha kwa angiografia (picha za mishipa ya damu) mishipa ikijifunga wakati maumivu yanaendelea, na kwamba mkazo unaweza kuishia kwenye mshtuko kamili wa moyo.

Mkazo hupenda saa za kati ya usiku wa manane na alfajiri, na sigara ni kichocheo chake kikuu. Baridi nayo huchangia. Mambo hayo hukutana Tunduma, mji wa nyanda za juu ambako Juni na Julai usiku ni wa baridi kali na madereva wa malori hulala kebini wakisubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Dereva mvutaji anayeamshwa na maumivu ya kifua saa kumi usiku, kisha akawasha sigara ajitulize, huongeza kilekile kinachombana. Akifika kituo cha afya saa mbili asubuhi, maumivu yamekwisha na karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, haina dosari. Ni rahisi mno kumpa dawa ya vidonda vya tumbo na kumruhusu.

Karatasi safi iliyochukuliwa baada ya maumivu haithibitishi usalama. Mstari wa ST, sehemu ya mchoro wa ECG, hupanda mkazo unapoendelea, kisha hushuka kana kwamba hakuna kilichotokea. Angiografia ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Kwa hiyo swali la "yalianza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini?" lina uzito wa kipimo, na ECG irudiwe mara maumivu yanaporejea. ST iliyopanda bila kushuka ichukuliwe kuwa ni donge, na rufaa isicheleweshwe.

Nitrogliserini chini ya ulimi hulegeza mshipa; amlodipini, inayofahamika zaidi kama dawa ya presha, huzuia mkazo usirudi. Propranololi, nayo dawa ya presha, kinyume chake huweza kuuzidisha mkazo.

Wodi ya wazazi nayo inahusika. Ergometrini, inayotumika kuzuia damu kutoka baada ya kujifungua, hubana pia mishipa ya moyo, na jamii hiyo ya dawa ndiyo iliyotumiwa kuuchochea mkazo kwenye vyumba vya uchunguzi. Mzazi anayelalamikia maumivu ya kifua muda mfupi baada ya sindano hiyo apimwe ECG palepale kitandani, maumivu yangalipo.