Mbuga za Elsa (Isiolo na Meru)

Mbuga za Elsa ni maeneo ya wanyamapori ya Isiolo na Meru, kaskazini na mashariki ya Mlima Kenya, ambayo kwa miaka ipatayo ishirini wageni waliyajia kwa sababu ya hadithi moja ya simba jike. Hadithi hiyo ilianza kama kitabu, ikawa filamu iliyoitwa Born Free, na filamu ndiyo iliyowapandisha watu ndege. Afrika Mashariki haijapata kujenga bustani ya burudani ya sinema kama zile za Marekani, zenye bembea na wahusika waliovalishwa vinyago. Iliyokaribia zaidi ni hii, na haikuwa na bembea hata moja. Mgeni alilipa langoni, akapanda gari, akaenda kutafuta kitu alichokwisha kukiona akiwa amekaa gizani kwao Uingereza au Ujerumani.

Jina la Elsa halimo kwenye ramani rasmi. Maeneo yanayohusika ni Mbuga ya Taifa ya Meru, yenye kilomita za mraba zipatazo 870, na Hifadhi ya Shaba, yenye kilomita za mraba 239, iliyo ukingoni mwa mto Ewaso Ng'iro katika Isiolo. Mji wa Isiolo wenyewe ndio uliokuwa mlango wa yote.

Chanzo

George Adamson alikuwa mkuu wa askari wa wanyamapori katika Jimbo la Mpakani Kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo. Watu walimwita Bwana Game, na hata kitabu chake cha mwaka 1968 alikiita hivyo. Tarehe 1 Februari 1956, akiwa katika msako wa simba mla watu, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa akilinda watoto. Watoto hao watatu walipelekwa nyumbani kwake Isiolo, kwa mkewe Joy. Mtu aliyekabidhiwa kuwaangalia ni mtumishi wa bustani, Nuru. Joy aliandika jinsi Nuru alivyoshinda nao mchana kutwa. Hata hivyo, ukiwauliza wageni waliokuja Kenya kwa ajili ya Elsa, ni wachache wangemtaja Nuru.

Wawili walisafirishwa hadi hifadhi ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, Elsa, alibaki akilelewa na watu, akipanda juu ya paa la gari na kulala kwenye kitanda cha kambi. Baadaye akina Adamson waliamua kumfundisha kuwinda na kumrudisha porini. Walijaribu kwanza sehemu za Mara, bila mafanikio, kisha kando ya mto Ura, katika nchi ambayo leo ni Mbuga ya Meru. Huko Elsa alizaa watoto watatu mnamo Desemba 1959 na kufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Kaburi lake liko hapo hapo Ura. Kitabu cha Joy kilikuwa kimetoka mwaka 1960 na tayari kilikuwa kikisomwa duniani kote.

Filamu

Filamu iliongozwa na James Hill. Virginia McKenna alicheza kama Joy na mumewe, Bill Travers, akacheza kama George. Peter Lukoye aliigiza Nuru na Omar Chambati akaigiza Makedde, askari wa wanyamapori aliyekuwa mkono wa kulia wa George. Ilionyeshwa London Machi 1966 mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili, na muziki wa John Barry ukajipatia tuzo mbili za Oscar. Mwaka 1972 ilifuata filamu ya pili, Living Free, na mwaka 1974 mfululizo mfupi wa televisheni ya Marekani, uliopigwa Kenya.

Lakini Born Free haikupigwa Isiolo, wala Meru. Kamera ziliwekwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya upande wa magharibi, kwenye baridi na nyasi za kijani. Mtazamaji alioneshwa nchi moja akaambiwa ni nyingine. Sababu za kampuni ya filamu ni rahisi kuzielewa ukikumbuka kilichokuwa kikiendelea kaskazini wakati huo huo.

Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi njiani karibu na Modogashe. Desemba mwaka huo serikali ya Kenya huru ilitangaza hali ya hatari, na vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vikaendelea hadi 1967. Waborana na Wasomali wa Isiolo walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, Garba Tula na Merti miongoni mwavyo. Mifugo ikafa au ikauawa kwa maelfu, na familia zilizokuwa na ngamia zikajikuta zikingoja mgao wa unga. Waborana huuita wakati huo Gaf Daba. Kwa hiyo mwaka ambao dunia ilimlilia simba aliyeachwa huru, majirani wa simba huyo walikuwa hawaruhusiwi kutoka kijijini bila kibali. Makala nyingi za kitalii huruka jambo hili, na kwa maoni ya mwandishi huyu, bila hilo hakuna kinachoeleweka kuhusu kilichofuata.

Miaka ya neema

Meru ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka 1966, mwaka ule ule wa filamu. Simba watatu walioigiza, Boy, Girl na Ugas, walihamishiwa huko chini ya George, ambaye alipiga kambi chini ya kilima cha Mughwango. Joy alikuwa upande mwingine wa mbuga na duma wake, Pippa. Mgeni wa miaka hiyo aliweza kumkuta mzee mwenye ndevu nyeupe, kaptura na ndala akiwaita simba kwa majina, nao wakaja. Hakuna studio iliyowahi kumpa mtazamaji wake kitu kama hicho.

Fedha zilitoka kwenye vitabu. Joy alianzisha mfuko kwa jina la Elsa, na sehemu ya mapato ilikwenda Meru, Samburu na baadaye Shaba, iliyotengwa rasmi mwaka 1974. Barabara zilikatwa, hoteli ya Meru Mulika ikapata wateja, na Isiolo ikawa kituo cha kujaza mafuta na kununua maji kabla ya kuingia porini. Mwaka 1976 Joy alipokea mtoto wa chui, Penny, na hatimaye akahamia naye Shaba.

Kuporomoka

Ufa wa kwanza ulitoka kwa waigizaji wenyewe. Mwaka 1969 Boy, simba wa filamu, alimjeruhi mtoto mdogo wa msimamizi wa Mbuga ya Meru. George alitakiwa kuondoka, akahamia Kora, ng'ambo ya mto Tana, mwaka 1970. Mwaka uliofuata Boy alimuua mmoja wa wasaidizi wa George, naye George akampiga risasi. Simba aliyelelewa na watu hupoteza hofu ya watu, na hofu hiyo ndiyo inayowalinda wote wawili. Filamu haikuwa na nafasi ya kueleza hayo.

Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 Joy aliuawa karibu na kambi yake ya Shaba. Habari za kwanza zilisema ameshambuliwa na simba, na magazeti ya nje yalizipokea upesi, kwa kuwa zilifaa hadithi waliyoizoea. Uchunguzi wa mwili ulionyesha majeraha ya silaha yenye makali. Kijana aliyekuwa amemfanyia kazi alihukumiwa mwaka 1981. Kitabu cha mwisho cha Joy, kuhusu Penny, kilitoka mwaka 1980 kikiwa na jina la Shaba.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa ujangili. Mabaki ya vita vya shifta, vita vya Somalia na Ethiopia vya 1977 na 1978, na bei ya pembe za ndovu viliijaza nchi ya Tana na Ewaso Ng'iro bunduki za kivita. Askari wa mbuga walikuwa na bunduki za zamani na magari yasiyo na mafuta. Mwaka 1988 majangili waliingia Meru na kuwaua vifaru weupe watano, wanyama wa uzao ulioletwa kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wakilindwa usiku na mchana na kuzoea watu kiasi cha kuguswa na watalii. Julai 1989 watalii wawili Wafaransa waliuawa ndani ya mbuga hiyo. Tarehe 20 Agosti 1989 George Adamson, mwenye umri wa miaka 83, alipigwa risasi Kora pamoja na wafanyakazi wake wawili, alipoendesha gari kuwaelekea majambazi waliokuwa wamemkamata mgeni wake.

Baada ya hapo mawakala wa safari waliiondoa Meru kwenye ratiba zao. Meru Mulika ilifungwa. Magari ya watalii yakageukia Mara na Amboseli, na wale waliofika kaskazini waliishia Samburu, bila kuvuka barabara kuu ya Archers Post kuingia Shaba.

Wimbi la pili na hali ya baadaye

Sinema iliijia Shaba tena katika umbo la televisheni. Julai na Agosti 2001 kampuni ya Marekani ya CBS ilipiga humo msimu wa tatu wa shindano la Survivor. Washindani 16 walikaa siku 39 ndani ya maboma ya miiba wakichota maji ya dimbwi, na makundi yao yakapewa majina Boran na Samburu. Wenye majina hayo walionekana kwa nadra. Mshindi alikuwa Ethan Zohn, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha shirika la Grassroot Soccer, linalotumia soka kufundisha vijana kuhusu Ukimwi.

Wakati ulikuwa mbaya. Kipindi kilianza kurushwa tarehe 11 Oktoba 2001, mwezi mmoja tu baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Novemba 2002 hoteli moja ya Kikambala, pwani ya Kenya, ililipuliwa, na Mei 2003 shirika la British Airways lilisimamisha safari zake za Kenya kwa muda. Tangazo ambalo Kenya isingeweza kulilipia lilitolewa bure kwa mamilioni ya watu walioogopa kupanda ndege.

Meru ilifufuka kwa njia isiyo ya sinema. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, kwa msaada wa shirika la kimataifa la IFAW, lilitengeneza barabara, kununua magari na redio, na kurudisha ndovu na vifaru kuanzia miaka ya 2000 na 2001. Mwaka 1999 hoteli ndogo ya bei ya juu, Elsa's Kopje, ilifunguliwa juu ya Mughwango. Jina la Elsa likawa sasa la wageni wachache wenye uwezo. Shaba, iliyo chini ya Kaunti ya Isiolo, bado ina punda milia wa Grevy, choroa na swala twiga, lakini hupata wageni wachache kuliko jirani zake Samburu na Buffalo Springs.

Mpango mkubwa zaidi wa burudani uliowahi kutajwa Isiolo hauhusiani na simba. Dira ya Kenya ya 2030 iliutaja Isiolo kuwa mmoja wa miji ya kitalii itakayojengwa, yenye hoteli na kumbi za starehe, katika eneo la Kipsing, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta la LAPSSET, mradi wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Barabara ya lami hadi Moyale ilikamilika, na uwanja wa ndege wa Isiolo ukafunguliwa upya mwaka 2017. Mji wa kitalii wenyewe haujajengwa, huku wafugaji wa eneo hilo wakidai haki zao za ardhi ya malisho na kaunti za Isiolo na Meru zikivutana juu ya mpaka.