Kumchagua Mhudumu wa Mzee Nyumbani

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2218, ikifafanua Amri ya Nne, yawataka watoto kuwategemeza wazazi wao uzeeni kadiri wawezavyo. Kuajiri mhudumu hakuwaondolei wajibu huo.

Kwanza, mzee mwenyewe aulizwe: ni nani angependa amwogeshe na kumlisha? Mhudumu awe mvumilivu, mwaminifu, na ajue kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Jumuiya Ndogo Ndogo yaweza kutoa ushuhuda juu yake. Mkataba utaje mshahara na siku ya mapumziko, kwani naye ana haki zake. Paroko ajulishwe, ili mzee apelekewe Komunyo Takatifu.

Kisha watoto wamtembelee mara kwa mara. Mzee anyamazaye ghafla mhudumu aingiapo, asikilizwe faraghani.