Kahawa, Urojo na Mishikaki: Tarehe ya Milo ya Njiani Mjini Unguja

Mji wa Unguja umesifiwa sana kwa milango yake ya nakshi, majumba yake ya mawe na makasri ya masultani. Bali iko tarehe yake nyingine, isiyochongwa katika mti wala kujengwa kwa chokaa, iliyohifadhiwa katika madele ya kahawa, karai za bajia na majiko ya makaa ya watu wa kipato kidogo, ambao kizazi baada ya kizazi wamewalisha mahamali, mabaharia, makarani na wageni bila ya kuwa na jina juu ya mlango, na mara nyingi bila ya mlango wenyewe. Tarehe hiyo ndiyo tunayokusudia kuieleza hapa, kwa kuwa twaamini kwamba mji hudumu kwa wale wanaoulisha kadiri unavyodumu kwa kuta zake.

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia Unguja makao yake ya enzi kutoka Maskati, jambo ambalo aghlabu huwekewa mwaka 1840, bandari ilikuwa imekwisha kuwa kituo kikubwa cha karafuu, pembe na, kwa huzuni ya milele, watumwa. Majahazi yaliyoletwa na kaskazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi hayakuweza kurejea mpaka pepo zigeuke kuwa kusi, na miezi hiyo ya kungoja iliujaza mtaa wa Malindi na kandokando ya bandari watu wasio na jiko wala jamaa. Mwungwana wa pwani alikula nyumbani kwake, na mgeni aliyejulikana alikaribishwa katika sinia moja na mwenyeji wake. Lakini baharia na hamali hawakuwa na sinia ya kukaribishwa. Haja ya watu hao ndiyo iliyokipa chakula cha kununua nafasi yake mjini.

Miongoni mwa waliowahudumia, Washihiri, yaani watu wa Hadhramaut, walijipatia sifa ya pekee kwa kuuza kahawa. Buni hukaangwa mpaka iwe nyeusi, ikatwangwa, ikachemshwa bila ya sukari katika dele la shaba lenye kitako kipana na shingo nyembamba. Muuzaji alipita vichochoroni akilishika dele kwa mkono mmoja, pamoja na makaa ya kulitia moto, na kwa mkono wa pili akigonganisha vikombe vidogo, ambavyo mlio wake ulitosha kuwatoa watu majumbani bila ya yeye kunadi. Uchungu wa kahawa ulitulizwa kwa tende, kwa kashata za njugu, au kwa halua iliyotoka Oman, ambayo mpishi huikoroga kwa mwiko bila ya kupumzika mpaka wanga, sukari, samli, iliki na zafarani vishikamane na kung'aa. Palipokuwa na baraza ya kukalia, kahawa ilifanya jamii: tajiri na mchukuzi walikunywa katika vikombe vya namna moja, vilivyosuuzwa katika ndoo moja, na habari za mji zikapimwa kabla ya kuaminiwa.

Wahindi nao walileta bajia, kachori na chatini, na Unguja ikavipokea hata vikawa vyake. Hakuna ushahidi bora wa jambo hili kuliko urojo, ambao mtaa wa Vuga umepata sifa kwao. Mpishi humimina bakulini uji mwepesi wa unga, wenye rangi ya manjano na uchachu wa embe mbichi au ndimu. Hutia vipande vya viazi, akavunja bajia na kachori juu yake, akachomoa nyama ya mishikaki kutoka vijitini, akaongeza yai, chatini ya nazi na pilipili, na mwisho akanyunyiza chipsi nyembamba za muhogo zinazovunjika mdomoni ilhali vyote vilivyo chini yake vimekwisha kulainika. Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, liliwapa wapishi wa namna hii samaki, nyama na viungo karibu na majiko yao. Na sinema, kama Majestic ya Vuga iliyofunguliwa upya mwaka 1955 baada ya moto, zikawapa wateja wa usiku.

Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub. Ilikusudiwa kuwa mahali pa matembezi na kupunga upepo, lakini wenye majiko waliifanya chumba cha kulia cha mji mzima, ambamo pweza, ngisi, mishikaki na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu hupatikana jua linapokuchwa, na ambamo jioni za Ramadhani, baada ya mchana wa kufunga, hujaa familia kuliko wakati mwingine wowote.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaligeuza mambo mengi, na wafanyabiashara wengi waliondoka. Miaka ya mwisho ya 1960 na ya mwanzo ya 1970 ilikuwa miaka ya uhaba, watu wakipanga foleni kwa mchele na unga, na katika dhiki kama hiyo biashara iwezayo kustahimili ni ile yenye mtaji wa dele moja na vikombe vichache. Mwaka 1973 Zanzibar ilianza televisheni ya rangi, ya kwanza katika Afrika kusini mwa Sahara, na katika njia panda ya Sokomuhogo, ambako watu walikusanyika kuitazama, baraza ya kahawa ikapewa jina la Jaws, filamu ya papa ya mwaka 1975. Tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, baraza hiyo imekuwa maarufu kwa mijadala ya siasa, ambayo mtu aweza kuisikiliza kwa bei ya kikombe kimoja.

Watalii walipoongezeka, wapishi hawakukosa la kuwapa: unga mwembamba uliojazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, wenye nasaba na mkate mayai wa Mombasa, ukakaangwa juu ya bamba la chuma na kuitwa pizza ya Zanzibar. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mwaka 2009 Forodhani ikafunguliwa tena baada ya kutengenezwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, wauzaji wakirudi katika bustani yenye taa na sakafu mpya.

Hayo ni mema, na yanastahili shukurani. Lakini ulinzi wa mawe hautoshi, kwa sababu muuza kahawa na mpika urojo hawana hati inayowalinda pindi baraza inapogeuzwa duka la vinyago au nyumba inapogeuzwa hoteli. Wahenga walinena kwamba mgeni aje mwenyeji apone. Basi ni haki mwenyeji apone kweli, naye apate kituo kisichohamishwa ovyo, maji safi ya kusuuzia vikombe, na ushuru unaolingana na pato la jiko moja. Nasi tuuleao mji huu kwa maneno tuulee pia kwa fedha zetu, tukinunua kwa yule anayepika kwa mkono wake mwenyewe, ili mwanawe aone kwamba kazi ya babaye yaweza kumtunza mtu na aila yake.