Habari za Mahjub bin Adam, Askari, na Jinsi Jina Lake Lilivyopotea

Sisi tukaao Rau twaujua mto wetu: hushuka toka mlimani, hupita mwituni, kisha huenda zake nyika ya Kahe. Huko Kahe ndiko walikopigana Waingereza na Wadachi tarehe 21 Machi 1916, siku chache baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Moshi. Jeshi la Wadachi lilikuwa karibu lote la askari Waafrika, chini ya maafisa wachache wa Kizungu. Kila askari alikuwa na jina kwao, tena alikuwa na jina katika daftari la bwana mkubwa, na majina hayo mawili hayakuwa sawa sikuzote. Hata upande wa Waingereza mambo hayakuwa bora. Mwaka 2021 tume yao itunzayo makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, waliokufa katika utumishi wao vita vile vya kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na ya Magharibi, Misri na Somalia, hawakukumbukwa kwa majina yao, na wengine hawakukumbukwa kabisa.

Basi anayetaka kumtafuta mtu mmoja katika umati ule yampasa ajue kwanza jinsi jina liwezavyo kupotea. Tumechagua habari za mtu mmoja ambaye karatasi zake zimesalia. Hakuwa Mchagga wala hakuzaliwa mlimani, walakini mwisho wa habari zake wagusa mlima huu, kama wasomaji watakavyoona.

Katika karatasi za Berlin mtu huyu aitwa Bayume Mohamed Husen. Jina alilozaliwa nalo ni Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa Msudani, askari wa Wadachi mwenye cheo cha effendi, nacho ndicho cheo kikubwa kuliko vyote alivyoweza kupewa Mwafrika katika jeshi lile. Wasudani hao asili yao ni wale ambao Hermann Wissmann aliwaandika Cairo mwaka 1889, alipotumwa kupigana na watu wa pwani.

Hapa na tutulie kidogo, maana jambo la lugha ndilo lenye ufunguo. Jina la Mwislamu wa pwani ni mnyororo: kwanza lake, kisha la babaye, kisha la babuye, na neno “bin” ndiyo pete iunganishayo. Mzungu ataka jina la mtu na jina la ukoo, basi. Tazama sasa jina la Berlin: “bin” halimo, na Adam hayumo. Husen limesimama mwisho, mahali pa jina la ukoo, likapita kwa mke. Bayume ni jina la Kimisri, nalo halina la ajabu kwa mtoto aliyelelewa kati ya Wasudani. Lakini mtu akilishika jina hilo tu, akaenda kumtafuta effendi Adam Mohamed, hatamwona kamwe. Na akimshika effendi, hatamwona mwana. Tena tusisahau kwamba Mahjub kwa Kiarabu maana yake ni aliyefunikwa, shina moja na hijabu. Hatusemi kwamba jina lilimwagulia; twasema tu kwamba limefaa.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alikuwa mtoto wa miaka 10, naye amekwisha jifunza Kidachi. Akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwezi wa Oktoba 1917 akajeruhiwa katika vita vya Mahiwa, upande wa Lindi, akashikwa na Waingereza. Hesabu ya miaka yaonyesha alikuwa na miaka 13. Kitabu cha vita kisemacho “askari” hakimwambii msomaji kwamba askari mwingine alikuwa bado hajabaleghe. Ndiyo sababu tarehe ya kuzaliwa ni karatasi yenye thamani kupita picha.

Baada ya vita akafanya kazi ya utumishi melini, hata katika meli za kampuni ya Kidachi zilizokuja Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda Berlin kudai mshahara wake wa vita na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa mno. Twaona dai hili ndilo chanzo cha mengi tuyajuayo leo, kwa kuwa ofisi ikimkatalia mtu hulazimika kuandika, na karatasi ikiandikwa hutiwa katika jalada. Lau angalilipwa siku ile ile, pengine angalirudi zake Dar es Salaam, na sisi tusingalimjua.

Akabaki Berlin. Akawa mtumishi katika nyumba kubwa ya starehe iitwayo Haus Vaterland, tena akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, kama Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alivyofanya mjini humo zamani kabla yake. Mtoro jina lake limesalia juu ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, wala hapana asiyelijua kati ya wapendao lugha yetu. Huyu wa pili hakuachiwa kitabu. Januari 1933 akamwoa mwanamke wa Kizungu, Maria Schwandner, siku chache kabla ya Hitler kushika serikali. Mwaka 1935 akafukuzwa kazi Haus Vaterland.

Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa waliopigana katika vita. Akanyimwa, kwa kuwa haikukusudiwa watu weusi. Basi akajinunulia nishani na mavazi ya askari dukani, akavivaa katika mikutano ya Wadachi waliotamani kurudishiwa makoloni yao. Ndipo ilipo hatari kwa mchunguzi. Mwenye kuona picha yake na nishani kifuani atasema: huyu aliheshimiwa na serikali yake. Karatasi ya ofisi yasema kinyume. Wengine wamemtaja kuwa mfano wa askari mwaminifu kwa Wadachi. Sisi twaona mtu aliyekuja kudai haki yake, akanyimwa, akavaa mwenyewe kile alichonyimwa.

Aliigiza pia katika filamu zisizopungua 23, kwa kawaida kama mtumishi, mpagazi au askari. Filamu yake ya mwisho, ya mwaka 1941, ilimsifu Carl Peters. Watu wa Kilimanjaro wamkumbuka Peters kwa njia nyingine: ndiye aliyekaa Marangu mwaka 1891, akamnyonga mtumishi wake Mabruki, na mwanzo wa mwaka 1892 mwanamke aitwaye Jagodja. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa matendo yale. Naye Mahjub, mwana wa effendi, alitiwa katika sinema kuwa kiongozi wa njia wa mtu huyo.

Mwaka ule ule wa 1941 akashikwa, akashitakiwa kwa kuwa na mwanamke wa Kizungu, jambo ambalo Wanazi walilihesabu kuwa ni kuchafua damu yao. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mwanachuoni Marianne Bechhaus-Gerst ndiye aliyeunganisha karatasi hizi, akatoa kitabu cha maisha yake mwaka 2007. Mwaka 2013 Eva Knopf akatengeneza filamu ya habari zake, akimtoa nyuma ya waigizaji wakubwa ambapo alikuwa amesimama miaka yote na sinia mkononi. Na hapa karibu nasi kazi ya namna hii imekwisha anza: mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba fuvu moja katika makumbusho yao, lililoandikwa neno “Akida” tu, limelingana kwa damu na jamaa walio hai. Wenye kusoma Kiswahili cha pwani wangalidhani ni cheo kisicho na mtu. Kumbe ndilo jina alilojulikana nalo mshauri mkubwa wa Mangi Meli wa Moshi, ambaye Wadachi walimnyonga tarehe 2 Machi 1900. Fuvu la Meli mwenyewe halikuonekana katika yale yaliyopimwa.

Mbele ya nyumba aliyokaa Mahjub, Brunnenstraße namba 193, pana bamba dogo la shaba lililowekwa chini, njiani, mwaka 2007. Limeandikwa jina la kuzaliwa kwake, na humo Adam amerudishwa.