Upepo wa Jua na Setilaiti Iliyorushwa Ngomeni

Nikiwauliza vijana wa Malindi minara ile ya chuma iliyo baharini mbele ya Ngomeni ilikuwa na kazi gani, wengi hunijibu, "Ni ya Wataliano." Ni kweli, ila jibu hilo ni nusu. Tarehe 15 Novemba 1971, kutoka jukwaa la San Marco, roketi aina ya Scout ilirusha setilaiti ya Marekani iitwayo Explorer 45. Ilitumwa kuchunguza dhoruba za sumaku zinazoikumba dunia, na chembe zenye umeme zilizonaswa angani.

Jua halitupi mwanga na joto pekee. Hutoa pia upepo wa elektroni na protoni, unaokwenda kama kilomita 400 kwa sekunde, na mara nyingine zaidi ya 700. Sumaku ya dunia hutukinga. Ndani ya kinga hiyo mna mikanda miwili ya chembe, iliyoanza kugunduliwa na James Van Allen mwaka 1958 kwa vipimo vya Explorer 1. Mkanda wa nje ndio wenye elektroni zinazokimbia karibu sawa na mwanga.

Sisi watu wa pwani twajua kusi si kaskazi. Upepo wa jua nao hubadilika. Ukija kwa kishindo, huibana kinga ya dunia, na elektroni za ukingoni hukuta njia yao imekatika, zikatoroka. Lakini sumaku iliyobebwa na upepo huo ikielekea kusini, nguvu huingia ndani, mawimbi huamka na kuzisukuma elektroni ziende kasi zaidi. Mawimbi hayo hayo huweza kuzimwaga nyingine hewani. Ndiyo maana dhoruba moja huujaza mkanda na nyingine huupunguza. Mwaka 2012 setilaiti pacha za Van Allen Probes ziliona hata mkanda wa tatu, uliodumu takriban wiki nne kabla ya kufutwa na wimbi la mshtuko kutoka juani.

Je, yatuhusu nini? Elektroni hizo hupenya ganda la setilaiti, umeme ukajikusanya ndani, kisha ukaruka kama radi ndogo. Tarehe 20 Januari 1994, upepo wa jua ukiwa umevuma kwa kasi, setilaiti za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza mwelekeo. E2 ilikaa miezi bila kazi. Na setilaiti za GPS, ambazo manahodha wetu huzitegemea kurudi usiku, huzunguka kama kilomita 20,000 juu, humo humo ndani ya mkanda wa nje.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukipita Ngomeni na mwanao, usimwambie kile ni chuma chakavu. Mwambie kuwa elimu inayolinda dira ya nahodha ilipitia pia kwenye bahari yetu.