Kidhibiti cha breki za trela: Yafaayo kuzingatiwa na mwenye SUV

DEREVA anayevuta trela nzito kwa gari aina ya SUV hana budi kuhakikisha kuwa trela hiyo ina breki zake na kwamba zinamtii. La sivyo, breki za gari hulazimika kusimamisha mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Hatari ya hali hiyo hujitokeza hasa kwenye mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu. Breki za gari hupata joto jingi na kupungua nguvu, huku trela ikilisukuma gari kutoka nyuma.

Kidhibiti cha breki za trela kiliundwa ili kuepusha balaa hiyo. Ni kifaa kidogo ambacho dereva anapokanyaga breki, hupeleka umeme kwenye sumaku zilizo ndani ya magurudumu ya trela. Kadiri umeme huo unavyoongezeka, ndivyo breki zinavyokaza.

Jambo la kwanza ni kuchunguza aina ya breki za trela. Trela nyingi za Ulaya hutumia breki zinazojifunga zenyewe trela inapolisukuma gari linalopunguza mwendo, na hizo hazihitaji kidhibiti. Breki za umeme, zilizoenea Marekani na Australia, haziwezi kufanya kazi bila kifaa hicho.

Nchini Australia, sheria hutaka trela iwe na breki ikiwa uzito ulio juu ya magurudumu yake, pamoja na shehena, unazidi kilo 750. Ukizidi kilo 2,000, kila gurudumu sharti liwe na breki, na trela iwe na mtambo wa kuisimamisha endapo itachomoka kwenye gari.

Kuna aina mbili kuu za vidhibiti. Aina ya kwanza huongeza umeme hatua kwa hatua kwa muda uliopangwa, bila kujali gari linasimama kwa ghafla au polepole. Bei yake ni nafuu na huweza kutosha kwa trela ndogo inayovutwa mara mojamoja.

Aina ya pili hupima jinsi gari linavyopunguza mwendo na kuifunga trela kwa kiasi hicho hicho. Hii ndiyo inayomfaa zaidi anayevuta mzigo mzito au anayepita kwenye milima na misongamano ya magari.

Aidha, mnunuzi ahakikishe kuwa kifaa kinalingana na idadi ya magurudumu yenye breki. Kila sumaku hutumia takriban ampi 3 za umeme, hivyo trela ya magurudumu manne huhitaji karibu ampi 12.

Kazi ya kuweka kifaa hicho huanza kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri. Kwa kawaida kidhibiti huwa na nyaya nne. Mweusi huenda kwenye chanya ya betri kupitia kikata umeme, mweupe kwenye hasi, mwekundu kwenye swichi ya kanyagio la breki, na wa buluu kwenye plagi ya trela. Hata hivyo, maelezo ya mtengenezaji ndiyo yanayopaswa kufuatwa.

Waya wa swichi hutambuliwa kwa kifaa cha kupimia umeme: huwa na umeme pale tu breki inapokanyagwa. Kuunganisha waya usiofaa kwaweza kuharibu mitambo ya gari, kwa hivyo asiye na ujuzi amwachie fundi wa umeme wa magari. Baadhi ya SUV tayari zina plagi ya kidhibiti chini ya dashibodi.

Kidhibiti chenyewe kikazwe mahali ambapo mkono wa dereva utakifikia kwa urahisi, mbali na mifuko ya hewa ya usalama.

Baada ya hapo hufuata marekebisho. Trela ikiwa na shehena yake ya kawaida, dereva huendesha kwa kilomita 40 kwa saa kwenye barabara tambarare, kavu na isiyo na magari, kisha husukuma kitufe cha mkono cha kidhibiti. Magurudumu ya trela yakikwama na kuburuzwa, nguvu ipunguzwe. Trela isipokaza, iongezwe. Kila shehena inapobadilika, zoezi hilo lirudiwe.

Kitufe hicho pia ni cha manufaa trela inapoanza kuyumba. Dereva huondoa mguu kwenye mafuta na kukisukuma taratibu ili trela ivutwe nyuma na kunyooka, badala ya kukanyaga breki za gari kwa nguvu.

Hata hivyo, kidhibiti hakiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari hubaki kilekile, na anayekipita huhatarisha maisha yake na ya wengine barabarani.