Kuzoeana na Mungu: kukaa naye mpaka sauti yake ijulikane

Kuna swali linalorudi mara nyingi katika vikundi vyetu vya kusoma Biblia: «Pasta, nitajuaje kama ni Mungu anayesema nami?» Linaulizwa na kijana anayetaka kuoa. Linaulizwa na mama asiyejua kama arudi kijijini au abaki kambini. Linaulizwa na mzee wa kanisa aliyepewa unabii tatu zinazopingana katika juma moja. Jibu la Biblia ni rahisi kulieleza, ila halipatikani kwa siku moja: sauti ya mtu hujulikana kwa kukaa na mtu huyo. Katika makala hii tunaeleza maana ya kuzoeana na Mungu, mifano yake katika Maandiko na katika historia ya Kanisa, hatari ya kuzoea vibaya, na namna ya kuanza.

Kujua na kuzoeana

Katika Agano la Kale neno la Kiebrania linalotafsiriwa «kujua» ni yada. Neno hilo hilo linatumiwa kwa Adamu na mkewe katika Mwanzo 4:1. Kumjua Mungu, basi, ni zaidi ya kuwa na habari zake. Yakobo 2:19 inatuonya kwamba hata mashetani wana fundisho sahihi juu ya Mungu mmoja, wala haliwasaidii kitu.

Lugha yetu inatusaidia kuelewa. Tunasema kujuana, kuzoeana, kukaribiana. Maneno haya yanataka pande mbili. Upande wa Mungu umekwisha kuanza: Zaburi 139 inaeleza kwamba anajua kukaa kwetu na kuondoka kwetu, na maneno yetu kabla hatujayatamka. Upande unaochelewa ni wetu.

Katika Yohana 15, Yesu anajilinganisha na mzabibu na sisi na matawi. Kitenzi cha Kigiriki menō, yaani kukaa au kudumu, kinatokea mara 10 kati ya mstari wa 4 na wa 10. Tawi haliendi kuutembelea mzabibu siku ya Mungu na kurudi nyumbani Jumatatu. Linakaa pale, kwenye mvua na kwenye jua, na matunda yanakuja kwa wakati wake.

Yesu aliwafundisha mitume kwa njia hiyo hiyo. Marko 3:14 inataja kwanza kwamba aliwachagua ili wawe pamoja naye. Kutumwa kuhubiri kunafuata. Walikula naye, walitembea naye, waliogopa dhoruba naye katika mashua moja. Baadaye, mbele ya baraza la Yerusalemu, wakubwa waliwaona Petro na Yohana kuwa watu wasio na elimu, wakatambua kwamba walikuwa wamekaa na Yesu (Matendo 4:13). Sisi tuliopita katika shule ya theolojia tunapaswa kuusoma mstari huo polepole.

Samweli na wana wa Eli

Mfano ulio wazi zaidi uko katika 1 Samweli, sura ya 2 na ya 3. Katika nyumba ya Bwana kule Shilo walikuwako vijana wa namna mbili.

Hofni na Finehasi walizaliwa katika ukuhani. Walijua taratibu za dhabihu, mavazi, vyombo na nyakati. Hata hivyo 1 Samweli 2:12 inasema kwamba hawakumjua Bwana. Walitumia uma wa meno matatu kujichukulia nyama ya sadaka, na aliyekataa alitishwa kunyang'anywa kwa nguvu. Walikuwa wameizoea madhabahu mpaka hawakuiogopa tena, na Mwenye madhabahu hawakuzoeana naye hata kidogo.

Samweli naye alikuwa mtoto aliyeletwa na mama yake. Alitumika, alilala karibu na sanduku la agano, na asubuhi alifungua milango. Lakini 3:7 inasema kwamba yeye pia alikuwa hajamjua Bwana bado. Mungu alipomwita, mara 3 alikimbia kwa Eli, kwa sababu sauti pekee aliyoizoea ilikuwa ya mzee huyo. Mungu hakumkasirikia. Alirudia kumwita mpaka mara ya 4, Samweli alipoitika kama alivyoelekezwa.

Tuangalie kazi ya Eli. Alikuwa na makosa makubwa katika nyumba yake, lakini usiku ule alifanya jambo jema: alimwambia kijana arudi kulala na kusikiliza yeye mwenyewe. Hakusema, «Baki hapa, mimi nitasikia kwa niaba yako.» Hiyo ndiyo kazi ya mchungaji. Kondoo anayemsikia Mungu kwa kinywa cha pasta peke yake atabaki bila sauti siku pasta atakapokimbilia upande mwingine.

Usiku ule ulikuwa mwanzo tu. Mstari wa 19 na wa 20 unaonyesha kwamba Samweli aliendelea kukua na Bwana akiwa pamoja naye, hata Israeli yote, toka Dani mpaka Beer-sheba, ikajua kwamba ni nabii wa kweli.

Watu walioshika saa na mahali

Maandiko yanatuonyesha wengine waliozoeana na Mungu kwa njia za kawaida.

Henoko alitembea na Mungu miaka 300 baada ya kumzaa Methusela, huku akizaa wana na binti wengine (Mwanzo 5:22). Mwenendo wake ulikuwa ndani ya maisha ya nyumbani, kati ya watoto na kazi.

Yoshua alikuwa kijana wa Musa. Musa alipotoka katika hema ya kukutania na kurudi kambini, Yoshua hakuondoka hemani (Kutoka 33:11). Miaka mingi baadaye, Musa alipokufa, aliyechukua uongozi ni yule aliyezoea kubaki.

Danieli aliomba mara 3 kwa siku katika nchi ya uhamisho, madirisha yakiwa yamefunguka kuelekea Yerusalemu. Sheria ya kukataza maombi ilipotiwa sahihi, aliendelea kama alivyokuwa akifanya tangu zamani (Danieli 6:10). Tabia iliyojengwa siku za amani ilimshika siku ya hatari.

Bwana wetu mwenyewe, baada ya jioni iliyojaa wagonjwa kule Kapernaumu, aliamka alfajiri sana akaenda mahali pa faragha kuomba (Marko 1:35). Kama Mwana wa Mungu alihitaji saa hiyo, sisi hatuwezi kusema tuna kazi nyingi mno.

Mashahidi katika historia ya Kanisa

Katika karne ya 17, kule Ufaransa, aliishi Nicolas Herman, anayejulikana kama Ndugu Lawrence. Alikuwa askari katika vita vya Miaka 30, akajeruhiwa. Baadaye aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris, akapewa kazi ya jikoni, na baadaye ya kutengeneza viatu. Hakuwa padri wala mwalimu. Alijizoeza kuzungumza na Mungu akiwa kati ya sufuria kama vile akiwa katika ibada. Alikufa mwaka 1691, na barua chache na mazungumzo yake yakakusanywa. Yeye alikuwa Mkatoliki, lakini Waprotestanti wengi wamemsoma kwa faida.

Karibu na kwetu, mwaka 1929, daktari Mwingereza Joe Church, aliyetumika katika hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana Kampala na Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi. Walikaa siku 2 wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza kuenea kutoka Gahini, ukavuka mipaka ya Uganda, Burundi, Kenya, Tanzania, na kufika mashariki mwa Kongo. Nguvu yake ilionekana hasa katika vikundi vidogo: watu kukutana kwa ukawaida, kusoma Neno, kuungama dhambi waziwazi, na kutembea nuruni kama 1 Yohana 1:7 inavyofundisha. Tunajifunza kwamba mtu hazoeani na Mungu kwa kujificha mbali na ndugu zake.

Hatari ya kuzoea vibaya

Mazoea yanaweza kutujenga au kutufanya wagumu. Kuna mtu anayejua nyimbo zote za kwaya, anayejua pasta atahubiri nini hata kabla hajafungua Biblia, na moyo wake haujaguswa tangu zamani. Huyo yuko katika njia ya Hofni. Dalili yake ni kwamba vitu vya Mungu vinakuwa njia ya kula, ya kupata cheo au ya kushinda wengine.

Kuna hatari ya pili. Wahenga walisema, «Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki», na kweli Mungu anatufaa katika dhiki. Sisi je, tunamfaa rafiki huyu wakati wa raha? Wengine tunamwendea kama mtu anavyoenda hospitali: tunafunga siku 3 kwa ajili ya visa, mtihani au ugonjwa, tunapanda mlima wa maombi, na jambo likiisha hatuonekani. Kufunga ni kuzuri na mlima si dhambi. Ila urafiki haujengwi kwa dharura peke yake.

Asiyeijua sauti hudanganywa kwa urahisi. Yesu alisema kondoo hawamfuati mgeni, kwa kuwa sauti yake ni ngeni kwao (Yohana 10:5). Kwa hiyo mtu akikuletea neno kwa jina la Bwana, lipime: Je, linakubaliana na Maandiko yote, au linasimama juu ya mstari mmoja uliokatwa? Je, linadai dola kabla ya baraka? Je, linakutenga na mume, mke au ndugu zako kwa kuwaita wachawi? Je, ndugu wakomavu wanalithibitisha? Watu wa Beroya walimchunguza hata Paulo kwa Maandiko kila siku, na Luka anawasifu (Matendo 17:11).

Namna ya kuanza

Chagua saa moja unayoweza kuishika. Dakika 15 za kila siku zina faida kuliko saa 4 mara moja kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba.

Chagua mahali, hata kama ni nyuma ya nyumba au pembeni ya hema. Acha simu mbali.

Soma kitabu kimoja mpaka mwisho. Injili ya Marko ina sura 16. Sura moja kwa siku inamalizika katika juma 2 na siku 2. Zaburi 5 kila siku zinakufikisha 150 kwa siku 30. Usiruke huku na huku ukitafuta mstari wa bahati.

Asiye na Biblia, au asiyejua kusoma, ajifunze kwa moyo. Zaburi 23 ina mistari 6. Mtu akimsomea mmoja kila siku, kwa juma moja anayo yote, na hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Ongea na Mungu kazini. Mama akisimama na bidoni kwenye foleni ya maji, dereva wa pikipiki akingojea mteja, mkulima akipanda kilima na jembe begani, hizo pia ni saa za kukaa naye.

Na siku usiposikia kitu, baki. Zaburi 88 inaishia katika giza, na bado ni maombi yaliyo ndani ya Biblia. Marafiki wa kweli wanaweza kukaa pamoja bila maneno. Usipime ukaribu wa Mungu kwa joto la moyo wako siku ile.

Kwa nini jambo hili ni la haraka kwetu

Mwaka 2020 makanisa yetu yalifungwa kwa miezi kwa sababu ya Covid-19. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walitoka mjini, wengi kwa miguu kuelekea Sake, wengine kuelekea Rwanda. Tangu hapo vita vimewatawanya waamini tena na tena. Hakuna aliyeweza kubeba hekalu, vyombo vya muziki au mimbari. Kila mmoja alibeba kile alichokuwa nacho na Mungu. Waliokuwa wamezoea kuomba nyumbani waliomba barabarani, na kwa waliotegemea ibada ya siku ya Mungu peke yake njia ilikuwa ndefu zaidi.

Hatujui kesho tutaabudu wapi. Tunajua kwamba Mungu haogopi kambi, na aliyezoeana naye hapa atamtambua kule.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Je, tunafanana na nani zaidi: Samweli au wana wa Eli? Kwa nini?
2. Kama tungetengana na mchungaji wetu kwa mwaka mmoja, nini kingebaki kwetu?
3. Saa gani na mahali gani kila mmoja wetu anaweza kuanza juma hili?

Bwana awape ninyi nyote uvumilivu wa kukaa naye. Amina.